Goti la Mke wa Shemeji Yangu

Nilianza kumwonea wivu mke wa shemeji yangu siku nilipomwona amechuchumaa.

Tuliolewa boma moja, mimi kwa kaka mkubwa, yeye kwa mdogo wake. Nyumba zetu zinatazamana, na katikati kuna migomba yake kumi na minne na yangu kumi na sita. Nimeihesabu mara mbili. Ule mmoja ulio mpakani ni wangu. Sote wawili tunanunua ndizi kwa wakulima soko la Nyaramba na kumuuzia mwenye lori anayezipeleka Nairobi. Na kwa zaidi ya mwaka mmoja, sisi wawili tulikuwa wanawake wa kusimama tu. Goti lake la kulia lilitangulia kuuma, langu la kushoto likafuata baada ya miezi miwili, tukawa tunashuka mteremko wa kwenda sokoni kama watu waliobeba kabati la vyombo. Wengine walisema ni umri. Wengine walisema ni umande wa shamba la majani chai. Mama mmoja wa kanisani alisema ni adhabu ya kunung'unika, nikanung'unika.

Kwa hiyo asubuhi hiyo sokoni, nilipomwona amekunja magoti yote mawili mbele ya mkungu wa ndizi, visigino vimekanyaga chini, nilidhani ameanguka. Nikamwendea nimwinue. Hakuwa ameanguka. Alikuwa akihesabu.

Asiyeijua biashara yetu ataliona hilo jambo dogo. Mkulima wa kwetu ni mcha Mungu, Sabato hafungui hata kibanda, lakini mkungu wake anaulaza juu ya majani na uso mzuri ukitazama mbinguni. Uso wa pili, ule uliogongwa njiani, wenye vidole vilivyodumaa, unatazama ardhi. Ukitaka kuuona huo wa pili ni lazima uchuchumae, uinue mkungu kwa mkono wa kushoto, uhesabu vichana kwa wa kulia. Unahesabu kwa juu, unahesabu kwa chini. Zile hesabu mbili zikikosana, hapo ndipo bei inapozaliwa. Miaka yote hiyo riziki yangu ilikuwa pale chini, katika hesabu ya pili.

Tangu goti linishike nilikuwa nikinunua mikungu nikiwa wima, kama mtalii. Mwenye lori alikuwa amekwisha kugundua. Zamani alikuwa akichukua mikungu arobaini kwangu na ishirini kwa mke wa shemeji. Siku hiyo hiyo ya kuchuchumaa aliigeuza mikungu yangu mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ina makovu. Kuanzia soko lijalo wewe niletee ishirini. Hiyo arobaini nitachukua kwa huyu mwenzako."

"Makovu gani? Hata wewe una kovu na mke wako hajakurudisha."

Alicheka, lakini hakubadilisha hesabu. Nikaona mbele yangu njia nzima: ishirini, kisha kumi, kisha mimi nimekaa kando ya barabara nauzia abiria kichana kimoja kimoja. Goti lisipokunjika, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Wala usidhani nilikuwa nimekaa bure. Nilidungwa sindano katika duka moja la dawa mjini Kisii, sindano iliyonifanya nitembee kama msichana siku tatu na kunirudisha pale pale siku ya nne. Nikarudia, mara tano. Nilinunua mafuta ya kuchua yenye picha ya simba. Nilimlipa mzee mmoja aliyesema mshipa wangu umepanda juu ya mfupa, na kwamba yeye anajua kuushusha. Aliushusha, ukapanda kesho yake. Nilivaa bangili ya shaba. Nilipojumlisha yote kwa kipimo ninachokielewa, nilikuta nimelilisha goti moja mikungu thelathini na mmoja. Nikajumlisha tena, ikawa thelathini na miwili, kwa sababu nilikuwa nimeisahau bangili.

Jioni tukipanda mlima kurudi nyumbani, nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Dada, goti umelitibia wapi?"

"Ni Mungu tu."

"Mungu yupi? Si huyu huyu tunayemwomba mimi na wewe benchi moja?"

Akacheka, akanitangulia. Alikuwa na nafasi ya kunitangulia. Sabato iliyofuata mchungaji akasema tupige magoti, na yeye akashuka taratibu, akatulia chini na kitambaa chake cheupe kichwani, nami nikabaki nimeinamisha kichwa kwenye benchi pamoja na wazee. Kitu nilichokiombea siku hiyo sitakiandika.

Nilikuwa na mawazo yangu. Nilidhani mwanawe aliye Nairobi anamtumia pesa za hospitali kubwa, zile za kulazwa kwenye mtambo. Nilidhani ana dawa ya kutoka ng'ambo ameificha chini ya mahindi. Lakini niliona kwamba kila Jumatano anavaa viatu vya mpira, anasema anaenda Nyamira kuulizia mbegu. Mbegu gani zinaulizwa Jumatano tatu mfululizo? Ya nne nikamfuata.

Kumfuata mtu aliyepona ukiwa na goti bovu si kazi ya kutamani. Mjini nilikaa nyuma yake kwa umbali wa watu wanane, kisha wakawa ishirini, kisha nikawa nafuata kitambaa cha kichwa tu. Kikaingia hospitali ya umma, kikapita foleni ya dawa, kikaingia jengo refu la nyuma. Nilipofika dirishani nikachungulia.

Kulikuwa na mikeka sakafuni. Mzee mmoja alikuwa akiendesha baiskeli isiyokwenda popote. Mwanamke mwingine amelala chali, anainua mguu na kuushusha, anainua na kuushusha. Na mke wa shemeji yangu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, kama kuku aliyenyeshewa. Hakuna mtambo. Hakuna dawa ya ng'ambo. Nilihisi nimeibiwa ingawa nilikuwa bado sijalipa kitu.

Binti mmoja mwenye koti jeupe akaja dirishani. Ndiye fizio, yule anayetibu kwa mazoezi ya viungo.

"Mama, umekuja kutibiwa au kuchungulia?"

"Ni bei gani?"

"Ya kutibiwa au ya kuchungulia?"

Nilimpenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha. Mke wa shemeji aligeuka, mguu ukashuka.

"Nilikuwa nitakuambia," alisema.

"Lini?"

Akatazama mkeka. "Nikishamaliza."

Sikumkasirikia kwa jibu hilo. Nililielewa vizuri mno. Mimi pia ningesubiri nimalize.

Bei niliyotajiwa ilikuwa kama ya mkungu mmoja mdogo kwa kila ziara, na ziara zenyewe nne au tano tu. Nikaiuliza mara ya pili, nikijua kuna kitu kimelala upande wa chini. Sindano moja ya Kisii ilikuwa ghali kuliko hiyo.

"Nikija mara mbili badala ya nne, utanipunguzia?"

"Mama, hapa hatuuzi ndizi. Malipo ni pale dirishani, na lile dirisha halijui kupunguza."

Alinibonyeza goti kila upande, akalikunja, akalinyoosha. Kisha akanikalisha kwenye kiti cha mbao, akaniambia nisimame bila kushika kitu. Nikajaribu. Makalio yaliinuka kiasi cha kupitisha gazeti, yakarudi. Mke wa shemeji alikuwa akitazama. Alijifanya anatazama baiskeli, lakini baiskeli haina cha kutazamwa.

"Goti lako limechakaa kidogo, kama la mtu yeyote wa rika lako," yule binti alisema. "Lakini si hilo linalokuangusha. Goti linabebwa na paja, na paja lako limelala, kwa sababu mwaka mzima umeegemea mguu mwingine. Tutaliamsha. Dawa yenyewe unayo nyumbani."

"Ipi?"

"Kiti."

Akaniandikia kwenye karatasi. Kaa, simama, mara kumi. Pumzika. Kumi. Pumzika. Kumi. Kila siku, wiki sita, na katikati nirudi anione. Nilitoka nikiwa nimelipia habari kwamba nina kiti.

Sasa naeleza kosa langu, na naomba msomaji akumbuke kwamba mimi ni mtu wa jumla. Ukinunua kitu kimoja kimoja unapoteza, ukinunua shehena unaokoa. Usiku huo nililala na ile karatasi kichwani. Thelathini kwa siku, siku arobaini na mbili: elfu moja mia mbili na sitini. Nikahesabu tena, elfu moja mia mbili na sitini. Basi. Huo ndio mzigo. Yule binti ameugawa vipande vidogo kwa ajili ya watu wavivu, lakini mzigo ni ule ule, na mke wa shemeji amenitangulia wiki nyingi. Nikifanya mia mbili kwa siku, siku ya saba nitakuwa nimemaliza wote, na soko linalofuata nitachuchumaa pembeni yake nimwangalie uso.

Siku ya kwanza nilifanya mia mbili. Hamsini kabla ya kukama ng'ombe, hamsini baada ya uji, mia moja mchana. Niliumia, lakini nilijiambia hayo ndiyo maumivu ya kazi. Siku ya pili mia mbili tena, mume wangu akauliza kama hicho kiti kina siafu. Siku ya tatu nilikaa mara ya mia moja arobaini na moja, na kusimama kukakataa kabisa. Goti lilikuwa limefura kama andazi. Nikabaki hapo, mgongo wima, kama mgeni anayesubiri chai.

Ndivyo mke wa shemeji alivyonikuta, amebeba kikapu cha majani chai mgongoni.

"Dada, mbona hujaenda kuchuma?"

"Napumzika."

"Kwenye kiti cha mazoezi?"

"Ndicho kilichokuwa karibu."

Akanitazama, akatua kikapu. "Umefanya ngapi?"

"Mia tano na arobaini."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka kwa sauti ambayo nilijua inafika kwa mama mkwe wetu, nyumba ya tatu. Kisha akaliona goti, kicheko kikakatika. Akaleta maji baridi na kitambaa, akanifunga goti. Mtu unayemwonea wivu akikufunga goti kwa upole, hujui pa kuweka macho. Mimi niliyaweka kwenye kikapu chake. Kilikuwa kimejaa kuliko changu cha wiki nzima.

Yeye ndiye aliyenipeleka Nyamira. Yule fizio hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nani alikuambia msuli unanunuliwa kwa jumla?"

"Hakuna aliyeniambia haununuliwi."

"Msuli unakua ukiwa umepumzika, mama. Mazoezi ni kuuita tu. Wewe umeuita mara mia tano, ukaukataza kuja." Akachukua karatasi yangu, akafuta kumi, akaandika tano. Wiki mbili nisishuke mteremko wowote. Goti likipoa, tano zitakuwa kumi. "Na kuanzia leo wewe usihesabu. Nakukataza. Nani anakaa karibu na wewe?"

Nilitazama mikeka.

"Mimi," mke wa shemeji alisema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa sufuria anayoipenda.

Wiki mbili za kutoshuka mteremko ni masoko manne. Mwenye lori alichukua mikungu yote sitini kwa mke wa shemeji, na hata wiki hizo zilipokwisha akaendelea hivyo, kwa kuwa bado sikuweza kuchuchumaa. Nilikaa uani nikahesabu pikipiki zikipita na mikungu, mitatu mitatu, nikijua ile ya kwangu ni ipi na ipi, kwa maana zamani arobaini ya hiyo ilikuwa yangu. Wivu mwingine unautoa kwa maneno. Huu haukuwa na mtu wa kuambiwa, kwa sababu aliyenikosesha ndiye aliyekuja kila alfajiri kunihesabia.

Alisimama mlangoni na shuka begani. "Kaa. Simama. Moja." Alihesabu polepole, kwa Kigusii, kama anayehesabia mtoto. Mimi sikumwamini. Nilijua angeweza kuishia nne akasema tano, aniweke nyuma siku zote, na nani angejua? Kwa hiyo nilihesabu naye ndani ya mdomo, ulimi ukigusa jino moja moja. Tano yake ilikuwa tano. Wiki ya tatu, kumi yake ilikuwa kumi. Ningefurahi kama angeniibia hata mara moja. Ningekuwa na sababu.

Halafu akimaliza kunihesabia, anafanya yake. Anasimama kwa mguu mmoja, anachuchumaa nusu, anainuka, na huku anaongea habari za kanisa, hata hahemi. Nilimchukia taratibu, kila siku kidogo, kumi, pumzika, kumi.

Lakini paja lilikuwa linaamka. Sikutaka kukubali, maana nilikuwa nimezoea dawa ambayo unaisikia ikichoma. Hii haikuchoma. Siku moja tu niligundua nimeinuka kwenye kigoda cha kukamia bila kumshika ng'ombe. Siku nyingine nikapanda ngazi za kanisa nikiongea. Maumivu hayakuondoka kabisa, na hata leo yapo. Ila yalihama kutoka mlangoni yakaenda kukaa jikoni, na nikaweza kufanya kazi zangu yakiwa huko. Wiki ya nane yule binti akanishikisha nguzo, akasema, "Chuchumaa." Nikashuka. Nikainuka. Akasema naweza kujaribu sokoni, mkungu mmoja mmoja. Alirudia hayo maneno, akinitazama machoni.

Soko lililofuata nilivaa viatu vya mpira kama vya mwenzangu. Mwenye lori aliniona akainua nyusi.

"Mama, umerudi? Haya, nitaona mikungu, sitaona maneno."

Nilichagua mkulima ninayemjua, mrefu, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Mkungu wake ulikuwa umelala vizuri sana, na hapo ndipo nilipoushuku. Nikashuka. Goti lililia kama kuni inayovunjika, mtu akageuka kutazama. Nikafika chini. Nikainua kwa kushoto.

"Vichana tisa, mama," mkulima alisema haraka.

"Kwa juu ni tisa. Hapa chini naona saba na aibu mbili."

"Aibu gani?"

"Hii, imepondwa. Na hii, watoto wake hawakula. Nikulipe na aibu?"

Alivuta koti. "Woi, nani huyu amekuponya?"

"Kiti. Haya, sema bei ya saba."

Tulivutana. Niliondoka mara moja, nikaitwa, nikarudi. Bei ikashuka mpaka pale nilipoitaka, kisha nikaomba na hatua moja zaidi kwa ajili ya siku zote nilizokosa. Mke wa shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza, akamwambia mkulima yule yule, "Na mimi hiyo mitatu kwa bei hiyo." Akafanya hivyo kwa wa pili, na wa tatu. Kila nilipokwaruzana na mtu, yeye aliokota bei nyuma yangu kama anayeokota mahindi yaliyodondoka kwenye gunia.

Mchana mwenye lori akaigeuza mikungu yote. "Thelathini kwako, thelathini kwake," alisema.

Nilikuwa na arobaini zamani. Lakini nilikuwa na sifuri juzi. Nikanyamaza, jambo ambalo wote walilishangaa.

Tukipanda mlima kurudi, nilimwuliza bila kuzunguka.

"Kwa nini ulinihesabia? Ulikuwa na sitini zote. Ungeninyima tu."

"Nilikuwa nanunua ghali, dada. Mkungu mbaya nauona, lakini kumwambia mtu mzima ni mbaya, siwezi. Naona haya. Wananitajia bei, nalipa. Mwenye lori alikwisha kuniambia mikungu yangu ni mizuri, lakini kwa bei hiyo nitamfilisi." Akahamisha kikapu. "Wewe huna haya."

"Asante."

"Siyo matusi. Tangu nilipoolewa hapa nimekuwa nikikuonea wivu huo mdomo."

Nilifurahi kuliko inavyomfaa Mkristo. Nilitaka aseme tena, lakini nikaona nisizidishe. Badala yake nikamwuliza alikuwa akilipa kiasi gani kwa mkungu nilipokuwa nyumbani. Akataja. Nikamwomba ataje tena, akataja, kwa sauti ya chini zaidi.

"Si mbaya sana," nilimwambia.

Ilikuwa mbaya. Ilikuwa bei ya kuchekesha wakulima mpaka Krismasi.

Kabla ya boma letu kuna mtaro wa maji. Yeye aliuvuka kwa hatua moja, na kikapu mgongoni, akaendelea kuongea bila kugeuka. Mimi nilishika kwanza nguzo ya ua, nikashusha mguu mmoja ndani, nikatoa mwingine. Nilisimama upande wa pili nikitazama visigino vyake vikienda.

Jumatano nilikwenda Nyamira, nikamwuliza yule binti itachukua muda gani mtaro ule niuvuke kama anavyouvuka yeye.

"Ukifuata ninavyokuambia, miezi miwili," alisema.

Nikamwambia mmoja na nusu.